Mgeni Katika Furaha ya Wengine

Leo twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali moja ambalo kwa kulitazama ni dogo, lakini ukilichimba waona kwamba mizizi yake yafika mbali. Swali ndilo hili: Mtu akienda katika nchi ya wengine ili kushiriki furaha yao, ana haki gani, na ana deni gani?

Hatutaki kujibu pasipo mfano. Tuchukue basi mfano wa nchi ya Irlandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, tumtazame mtu mmoja anayepanga safari ya kwenda huko. Hatumpi jina, kwa maana wako wengi kama yeye: mmoja atoka Ufaransa, wa pili Ujerumani, wa tatu Marekani. Mtu huyu ajua kupiga fidla. Amejifunza kwao nyimbo za Wairlandi, na sasa ataka kwenda kuzipiga pamoja na wenyewe. Tena hapendi kwenda wakati wa joto, wageni wanapojaa barabarani. Ataka kwenda mwezi wa Februari, wakati wa mvua na baridi. Je, afanya vema? Na akifika, aketi wapi?

Kwanza yatupasa kulijua jambo lenyewe. Jioni, katika baa ya kijiji au ya mji, watu wanne, watano, hata kumi huketi kuzunguka meza moja. Huyu ana fidla, yule ana filimbi, mwingine ana kinanda kidogo cha kukunjwa na kukunjuliwa kwa mikono miwili. Pengine yuko mwenye zumari za mfuko, zisizopulizwa kwa kinywa bali kwa mvukuto unaobanwa kwa kiwiko. Pengine yuko mwenye ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi. Hakuna jukwaa, wala hakuna kiongozi mwenye fimbo, wala karatasi za noti. Mmoja aanza wimbo, na wanaoujua waingia. Nyimbo nyingi hazina maneno. Wimbo una sehemu mbili fupi, kila sehemu yarudiwa, na wimbo mzima wapigwa mara mbili au tatu. Kisha, pasipo kusimama, wapigaji waingia katika wimbo wa pili, na wa tatu. Asiyeujua anyamaza na kusikiliza. Wakimaliza, waweka vyombo magotini na kuzungumza habari za ng'ombe, za mvua, za jirani aliye mgonjwa. Halafu mwingine aanza tena.

Mwaona, kikao hiki si tamasha. Watu wengine waliomo ndani ya baa wasikia, nao wafurahi, lakini muziki haupigwi hasa kwa ajili yao. Ni mazungumzo ya watu wanaojuana, nayo yafanywa kwa nyuzi na pumzi mahali pa maneno. Mlango u wazi, ndiyo. Lakini u wazi kama mlango wa nyumba, si kama mlango wa soko.

Tusidhani hata hivyo kwamba desturi ya kukutana katika baa ni ya kale sana. Zamani muziki ulikuwa jikoni, katika nyumba za wakulima, na watu walicheza dansi juu ya sakafu ya mawe au ya udongo. Mwaka 1935 serikali ya Irlandi ilitoa sheria kwamba kila dansi ya watu wote iwe na kibali cha hakimu. Mapadri wengi wa nchi ile waliiunga mkono sheria hiyo, wakiogopa maovu ya usiku. Na katika sehemu nyingi hata dansi za jikoni, zisizokuwa na hatia, zikazimwa pamoja nazo. Hatuoni haya kulisema. Mtu mwenye nia njema aweza kung'oa mchicha akidhani ang'oa magugu.

Wakati huohuo vijana walikuwa wakihama kwa maelfu. Kisha vita kuu ya pili ikaisha, na Wairlandi wengi wakawa London wakijenga nyumba na barabara za Waingereza. Walilala katika vyumba vya kupanga, hawakuwa na jiko la mama ambamo wangepiga fidla. Ndipo walipozoea kukutana katika baa. Desturi hiyo ikaenea upande huu na upande ule wa bahari. Mwaka 1951 wapenzi wa muziki waliunda chama cha Comhaltas Ceoltóirí Éireann, na mwaka uleule ikafanywa sikukuu yao kubwa ya kwanza ya muziki katika mji wa Mullingar. Mwenye akili ashike neno hili, maana tutalihitaji mbele: meza ile ambayo msafiri wetu ataka kuketi, ilienezwa sana na watu waliokuwa wageni katika nchi ya wengine.

Sasa tuje kwa habari ya majira. Wakati wa joto sehemu za magharibi hujaa watu. Katika kijiji cha Miltown Malbay, jimbo la Clare, kila Julai tangu mwaka 1973 kuna shule ya kumkumbuka Willie Clancy, mpiga zumari aliyekufa mwaka ule. Wanafunzi huja kutoka nchi nyingi, na katika kila pembe kuna fidla. Kijiji cha Doolin, kilicho kando ya bahari katika jimbo hilohilo, kilipata sifa kwa wapigaji wake, kama Micho Russell na ndugu zake, na leo wageni huja kwa mabasi. Wakati wa baridi mambo yabadilika. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Upepo wa bahari wavuma, nyumba nyingi za wageni zafungwa, na kijiji kilichokuwa na muziki kila usiku pengine chabaki na usiku mmoja au miwili kwa juma. Wafanya biashara ya safari husema: huu ni wakati ulio nje ya majira.

Lakini tuulize: nje ya majira ya nani? Kwa mkulima wa zamani, majira ya baridi ndiyo yalikuwa majira ya muziki. Kazi za shamba zilipungua, usiku ulikuwa mrefu, majirani walikusanyika penye moto. Tarehe 26 Desemba, siku ya Mtakatifu Stefano, watu walivaa nguo za majani makavu na vinyago, wakapita nyumba kwa nyumba na filimbi na ngoma. Hata leo mji wa Dingle wajulikana kwa desturi hiyo. Na kwa kuwa ndoa hazikufungwa katika Kwaresima, arusi nyingi zilifanywa katika majuma yaliyoitangulia, na pasipo fidla hakuna arusi. Basi wakati ambao mwenye hoteli auita mtupu, kwa mwenyeji ulikuwa umejaa. Msafiri wetu asijidanganye kwamba aenda mahali pasipo na watu. Aenda mahali ambapo wenyewe wamebaki peke yao.

Hapo ndipo neno letu lapata uzito. Wakati wa joto mwenyeji amejiweka tayari; ajua kwamba wageni watakuja, na moyo wake amekwisha kuuvika nguo ya kupokelea wageni. Wakati wa baridi ameivua. Amekaa kama mtu akaavyo nyumbani kwake jioni. Wewe waingia saa hiyo. Je, waingia kwa sababu gani?

Msafiri wetu ana sababu tatu, nasi tuzipime moja moja.

Ya kwanza yasema: Februari ndege ni rahisi, na kitanda ni rahisi. Sababu hii si mbaya. Mtu asiye na fedha nyingi afanya vema kuzitumia kwa akili. Lakini ajihadhari asije akapenda urahisi katika kila kitu, akanunua kikombe kimoja cha chai na kukalia kiti usiku kucha. Mwenye baa awasha moto, awasha taa, na mara nyingi huwalipa wapigaji wawili au watatu ili kikao kisikose mwanzo. Wakati wa baridi faida yake ni ndogo. Mgeni aliyeokoa fedha katika safari, na aache sehemu yake pale alipopata joto.

Ya pili yasema: Nawakimbia watalii. Sababu hii yataka kutazamwa zaidi. Awakimbiaye watalii, yeye mwenyewe ni nani? Kila mmoja apenda kuwa mgeni wa pekee. Kila mmoja adhani kwamba walioharibu mahali ni wale wengine. Wakija ishirini wenye wazo hilohilo katika usiku mmoja wa Februari, wenyeji watapata mahali pa kuketi? Mgeni ambaye hajakubali kwamba yeye ni mgeni, huyo ndiye mgeni mzito.

Ya tatu yasema: Nataka muziki wa kweli, si ule unaopigwa kwa ajili ya kuonyeshwa. Sababu hii ni nzuri kuliko zote, na hatari yake ni kubwa kuliko zote. Mtu aweza kuutafuta ukweli wa wengine kama mwindaji atafutavyo pembe: aupate, aukate, auchukue kwao, autundike ukutani. Atoa mashine ya kunasa sauti pasipo kuuliza. Apiga picha ya mzee aliyefumba macho katika wimbo. Akirudi kwao asema: Nimewaona wa kweli. Lakini wale wa kweli, yeye hakuwauliza hata majina yao.

Tusifikiri kwamba hatari hiyo ni ya maneno tu. Katika mji wa Dublin kuna baa iitwayo Cobblestone, yenye sifa kwa vikao vyake vya muziki. Mwaka 2021 wafanya biashara waliomba ruhusa ya kujenga hoteli kubwa mahali pale, na vyumba vya nyuma ambamo watu hufundishwa na kupiga muziki vingebomolewa. Watu waliandamana barabarani, na halmashauri ya mji ikaikataa ruhusa. Fikiri jambo hili: wageni wapenda muziki, kwa hiyo hoteli yataka kujengwa, na hoteli ikijengwa, muziki wakosa mahali. Upendo usio na kiasi humla ampendaye.

Mtu mmoja atatupinga, atasema: Mwafanya neno kubwa bure. Baa ni duka. Nimelipa, nina haki ya kuketi. Twamjibu: Ulicholipa ni bia, na bia umepewa. Hata wale wapigaji wanaolipwa na mwenye baa, wamelipwa ili waje. Urafiki wao haukuuzwa. Viko vitu ambavyo mtu hawezi kuvinunua, hata akiwa na mfuko uliojaa. Aweza kupewa tu. Nafasi katika mazungumzo ya watu ni kimojawapo.

Mwingine atatupinga kwa upande wa pili: Ikiwa mambo ni hayo, heri mgeni asiende kabisa, na awaachie wenyewe mambo yao. Neno hili lina sura ya heshima, lakini nalo si haki. Hebu tukumbuke habari za muziki huu. Francis O'Neill alizaliwa mwaka 1848 katika jimbo la Cork, akahama, akawa mkuu wa polisi wa mji wa Chicago. Huko ugenini alikusanya nyimbo kutoka vinywa na vidole vya Wairlandi wenzake, na mwaka 1903 alitoa kitabu chenye nyimbo 1850. Kitabu hicho kilirudi Irlandi, na wapigaji wakajifunza humo. Michael Coleman wa jimbo la Sligo alihamia Marekani mwaka 1914, akapiga fidla yake kwa ajili ya sahani za santuri mjini New York. Sahani zikavuka bahari, na vijana wa vijijini kwao wakamwiga. Muziki uliotoka ulirudi. Kama milango ingalifungwa, pengine mengi yangalipotea. Furaha si kama mkate, kwamba akila huyu, yule apungukiwa. Ni kama moto: jirani aweza kuchukua kaa, na moto wako wabaki. Lakini tazama, achukuaye kaa haingii kwa kuupiga teke mlango, wala haumwagi moto sakafuni.

Tumwangalie sasa mtu aliyejua kuingia. Séamus Ennis alizaliwa mwaka 1919 katika jimbo la Dublin. Tangu mwaka 1942 hata 1947 alifanya kazi ya kukusanya nyimbo kwa ajili ya tume ya serikali ya kuhifadhi mapokeo ya watu. Ilikuwa wakati wa vita, petroli ilikuwa haba, naye alisafiri kwa baiskeli. Katika sehemu za Connemara, magharibi, alikutana na Colm Ó Caodháin, mvuvi na mkulima aliyekuwa na hazina ya nyimbo na hadithi kichwani. Ennis hakuja siku moja akaondoka. Alirudi mara nyingi, alisema lugha yao, alikuwa mpiga zumari na filimbi naye, akaweza kutoa kama alivyopokea. Kwa mtu huyo mmoja aliandika zaidi ya nyimbo 200. Kama angalikuja na haraka, angalipata tano, nazo zingalikuwa zile ambazo kila mtu hupewa ili aondoke upesi.

Wazee wa Waswahili wasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa muziki ni lipi? Twaona majembe matano, nayo msafiri ayatengeneze akiwa bado kwao, maana kupanga safari si kununua tiketi tu.

Jembe la kwanza ni kukaa. Asipange vijiji vinane kwa siku nane. Na achague mahali pamoja au pawili. Mji kama Ennis au Galway wafaa wakati wa baridi, kwa sababu muziki haukosekani kama katika vijiji vidogo. Apige simu kwanza, aulize ni usiku gani watu hukutana. Akionekana usiku wa kwanza ni mtu wa njiani. Akionekana usiku wa nne, watu waanza kumsogezea kiti.

Jembe la pili ni masikio. Aingie na fidla ikiwa ndani ya sanduku, aketi kando, asikilize muda mrefu. Kila mahali pana nyimbo zake na mwendo wake: huko Clare mara nyingi hupiga polepole kidogo, huko Donegal fidla huenda mbio. Akiisha kusikia, na amwulize yule anayeanza nyimbo: Je, naweza kuketi nanyi? Na jibu lolote, alipokee.

Jembe la tatu ni kiasi. Apige anachokijua, anyamaze kwa asichokijua. Asijaribu noti huku na huku katikati ya wimbo kama mtu atafutaye funguo gizani. Ngoma moja ikiwapo, ya pili ibaki mfukoni. Mtu akiimba, watu wote wawe kimya.

Jembe la nne ni kutoa. Mara nyingi wenyeji watamwambia mgeni: Tupe wewe wimbo. Hapo asikatae mara tatu kwa unyenyekevu wa uongo. Atoe wimbo wa kwao, hata kama ni mdogo. Mgeni anayepokea tu pasipo kutoa huwafanya wenyeji kuwa watumishi wake.

Jembe la tano ni kukumbuka. Wimbo aliojifunza, akiupiga kwao, amtaje aliyempa. Wapigaji wa Irlandi wapenda desturi hiyo. Nyimbo nyingi zaitwa kwa jina la mtu zilikotoka, na hivyo marehemu wakaa mezani pamoja na walio hai.

Tusisahau kwamba mwenyeji naye ana deni. Meza yake ilienezwa na wageni wa London, tulivyosema. Babu zake walihamia nchi za watu na kutafuta mahali pa kuketi. Asimtazame kwa jicho la baridi kijana aliyevuka bahari katika mvua ya Februari kwa kupenda nyimbo za kwao. Heshima ya mgeni na ukarimu wa mwenyeji ni kama mikono miwili ya mpiga fidla: mmoja washika nyuzi, wa pili wavuta uta. Mkono mmoja peke yake hautoi sauti.

Basi twarudia swali letu: mgeni ana haki gani katika furaha ya wengine? Twajibu: Ana haki ya kubisha hodi. Zaidi ya hapo, vyote ni zawadi. Na msafiri wetu akitaka kujua kama nia yake ni safi, na ajipime hivi kabla ya kufunga safari: Ikiwa nitakaa usiku tatu kando ya meza, wasinialike kupiga hata wimbo mmoja, je, nitarudi kwetu na furaha, au na uchungu? Akiona uchungu, ajue kwamba alikuwa anakwenda kutafuta kioo cha kujitazamia. Akiona furaha, na aende, hata Februari, hata katika upepo. Mtu kama huyo, akiwa amenyamaza tu penye kona, amekwisha kuwa ndani ya muziki; na yaelekea kwamba kabla ya usiku kwisha mtu atageuka na kumwambia: Fungua sanduku lako.